Noti ya Nne ya Seremala

Watu walimwita Fundi Sikio, na hakuna aliyekumbuka nani alilianzisha jina hilo. Kazi yake ilikuwa kutuni, yaani kusawazisha sauti za vinanda na piano: vya makanisa, vya shule, vya hoteli mbili zenye ukumbi, na vya wale wachache wanaonunua piano ili wageni waione sebuleni. Alikuwa na miaka hamsini na minne, mwembamba, mwenye mkoba wa ngozi begani na ulimi usioweza kutulia sauti inapokosea. Aliwahi kuisimamisha kwaya katikati ya harusi ya binamu yake kwa sababu sauti ya pili ilikuwa imeteleza. Binamu hajamsamehe mpaka leo, na mimi simlaumu.

Kwake yeye, noti ilikuwa sawa au ilikuwa mbovu, basi. Ukimwambia kwamba kuna kitu katikati ya hayo mawili, alikutazama kama mtu aliyeulizwa kama kuna siku kati ya Jumatatu na Jumanne.

Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana alikwenda kwa mama yake, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda kidogo cha uchapaji, akampigia kinanda cha marehemu baba. Kilikuwa kinanda cha mvukuto, kidogo, cha kuwekwa mezani: mkono wa kushoto unapuliza upepo kwa nyuma, wa kulia unabonyeza vitufe. Baba, aliyekuwa seremala, alikiokota shuleni kikiwa kimetupwa, akakihangaikia miaka miwili mpaka kikasema. Jioni baba alipiga na mama aliimba, majirani wakaleta viti.

Baba alipofariki, mama aliacha kuimba. Kila mtu alisema ni majonzi, na Fundi Sikio alisema hivyo hivyo. Kwa miaka thelathini na miwili alipiga nyimbo zilezile mbele ya mama aliyekaa na mikono mapajani, akingoja siku moja afungue mdomo na kumfuata. Hakuwa na haja nyingine kubwa maishani kuliko hiyo. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema ahsante baba, akaenda kuweka maji ya chai.

Mambo yalianza kuharibika Jumamosi moja asubuhi, shemeji yake alipompigia simu aje upesi. Shemeji huyu, kaka wa mkewe, alikuwa fundi mitambo wa redio, mtu wa miaka hamsini mwenye tumbo la kutosha na utani wa kuzidi. Chumba cha nyuma cha nyumba yake kilijaa nyaya. Siku zake za mapumziko zilikuwa zikiishia humo, mbele ya kompyuta, akiigawa oktava, yaani safari ya kutoka do hadi do inayofuata, sehemu kumi na tisa, ishirini na mbili, thelathini na moja, zozote zile ila kumi na mbili za watu wote. Mke wa shemeji alikuwa ameihamishia redio jikoni, akaifungulia sauti ya juu kabisa, apate kujisahaulisha.

Mama yake Fundi alikuwa amempa shemeji mfuko wa kanda za zamani azisafishe, maana mashine yake ya kanda ilishakufa. Katikati ya hotuba na matangazo, shemeji alikuta kanda mbili za mzee akipiga kinanda na mama akiimba. Moja mzee mwenyewe ametaja mwaka mwanzoni. Nyingine, nayo ametaja, ni ya miaka minne baadaye. Shemeji alizipima noti zake kwa kompyuta. Sasa alitaka Fundi asikie kabla hajaambiwa lolote.

Fundi alisikia noti tatu tu, akakunja uso. Alisema kinanda kilikuwa kibovu, kila mtu anajua, yeye mwenyewe ndiye aliyekitengeneza baada ya msiba.

Shemeji hakucheka, na hilo peke yake lilikuwa jambo la kutia hofu. Alimvutia kiti, akamwonyesha kioo cha kompyuta. Ndani ya programu yake ya kurekodi alikuwa amechomeka programu nyingine ndogo, plagini, yenye sura ya kinanda kilichochorwa. Juu ya kila kitufe kulikuwa na kisanduku cha namba. Ukiacha sifuri, kitufe kinatoa noti ile inayojulikana na wote. Ukiandika ishirini, kinapanda vipande ishirini. Ukiandika ishirini pungufu, kinashuka. Kutoka kitufe kimoja hadi kinachofuata ni vipande mia, na katika vyote hivyo mia unaweza kusimama unapotaka.

Kwenye visanduku vitatu shemeji alikuwa amekwisha andika namba alizozipata kwenye kanda: kitufe cha pili kumi na tisa juu, cha tatu thelathini na sita chini, cha sita thelathini na tatu chini. Alibonyeza vile vitufe, na sebule ya utotoni ikamwingia Fundi Sikio masikioni, yote, hata harufu ya gundi ya mbao.

"Namba za kanda ya kwanza na za kanda ya pili ni zilezile," shemeji alisema. "Kinanda kibovu hakitulii palepale miaka minne. Wewe ndiye fundi, shemeji, niambie mimi."

Fundi alizisoma namba tena. Kisha akasema, kwa sauti ambayo shemeji hakuwahi kuisikia kwake, kwamba vitufe havikuwa vitatu. Vilikuwa vinne. Na cha saba pia.

Alijua kwa sababu alivisugua mwenyewe. Ndani ya kinanda kama kile, kila noti ni ulimi mwembamba wa shaba unaotikiswa na upepo. Ukiusugua kwa tupa nchani, noti inapanda. Ukiusugua shinani, inashuka. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, cheti cha ufundi kina wiki tatu mfukoni, akakikuta kinanda cha baba kina noti nne mbovu katika kila oktava. Sasa ndipo alipokumbuka jambo lililomfanya ashike ukingo wa meza. Noti zile zilikuwa zimepotoka kwa kadiri ileile chini, katikati na juu. Kinanda kikichakaa huchakaa ovyo. Hakichagui noti nne na kuzisogeza sawasawa katika oktava tatu. Aliliona hilo siku ileile. Akafurahi, maana kazi ilikuwa nyepesi.

Aliondoka bila kuaga. Alikwenda moja kwa moja kwa mama yake, akamkuta uani anaanua nguo, akapita, akakifungua kinanda mezani na kutoa kioo chake cha kukuzia. Alijiambia kwamba labda shemeji kakosea, kanda huvutika, mashine hudanganya. Alikuwa tayari kushukuru kwa kosa lolote, hata likiwa la kwake tena.

Alama zake zilikuwepo, nzito, za kijana mwenye haraka, zimekata shaba kwa upana. Chini yake zilikuwepo nyingine, laini, za mtu aliyesugua kidogo, akasikiliza, akasugua tena. Zilikuwa kwenye ndimi za noti zile nne tu, katika oktava zote tatu, na zote zililalia upande wa kushoto. Baba alikuwa mashoto.

Akakiweka kioo mezani. Miaka yote ile ya kujigamba, ya kuwasimamisha watu katikati ya nyimbo zao, na kazi yake ya kwanza kabisa ilikuwa kumfuta baba yake. Shaba aliyoiondoa ilifagiliwa na takataka za siku ileile. Hakuna tupa inayorudisha.

Mama aliingia na shuka mkononi. Fundi Sikio alimwambia, bila kumtazama, "Mama, hiki kinanda nilikiharibu."

"Ndiyo, baba," mama alisema, akaendelea kukunja shuka.

Hapo aligeuka. Alikuwa amejiandaa kumweleza polepole, amketishe, aanze na plagini na vipande mia. Akamwuliza alijua tangu lini, na mama akajibu kwamba tangu alipobonyeza mara ya kwanza. Mzee hakuwa akikirekebisha kinanda kifuate vinanda vingine. Alikuwa akimwambia mke wake aimbe, naye anasugua shaba mpaka kinanda kinafika pale koo lake linapokwenda lenyewe. Kazi hiyo ndiyo iliyomchukua miaka miwili. Baada ya mwanawe kukitengeneza, mama alijaribu kuimba mara moja, akiwa peke yake na akibonyeza mwenyewe, na kila alipotaka kwenda kinanda kilimvuta kwingine. Akaacha.

"Sasa mbona hukuniambia?"

Mama aliweka shuka juu ya nyingine. "Baba yako kafa, hukulia. Ulikaa hapo sakafuni siku tatu unasugua tu. Ulipomaliza ndipo nikakuona unacheka. Ningekwambia nini, mwanangu?"

"Na Jumapili zote hizi?"

"Ulikuwa unakuja kuniona."

Fundi Sikio alilia basi, akiwa na miaka hamsini na minne, kilio alichokuwa anadaiwa na msiba ule. Mama alimwacha alie, akakaa karibu naye.

Lakini mtu wa kazi akishatoka kulia hutafuta la kufanya. Ndimi zimekwisha, sawa. Noti zenyewe je? Tatu zilikuwa kwenye kanda. Ya nne haikuwemo, kwa sababu nyimbo zilizorekodiwa hazikukigusa kitufe cha saba. Ila koo lililomfundisha seremala noti hiyo lilikuwa hai, limekaa mbele yake, linauliza kama amekula.

Jumapili iliyofuata, saa tisa alasiri, shemeji alikuja kwa mama na kompyuta, spika mbili na kinanda chembamba cha kuchomeka. Alipanga vyote juu ya meza, akamwambia mama kwamba leo amemletea mkwe mwenye adabu, haongei mpaka aguswe. Mama akacheka. Fundi Sikio aliketi, akapiga wimbo wa kwenye kanda kwa namba zile tatu.

Mama alishtuka, akashika kifua. Alitazama spika, akamtazama mwanawe, na katika mstari wa pili akaimba. Sauti ilikuwa imekonda na ina mikwaruzo, lakini ilikwenda na kinanda hatua kwa hatua, na ile noti ya tatu, ambayo Fundi angemsimamishia mtu yeyote, ilikaa mahali pake bila wasiwasi wowote. Hakuwa amewahi kuisikia sauti ya mama yake hivyo tangu awe fundi. Alikosea mara mbili, na hakuna aliyemwambia.

Kisha mama akataka wimbo wake. Mzee aliutunga kwa ajili yake peke yake mwaka waliooana, na umejaa noti ya saba tangu mwanzo mpaka mwisho. Fundi alishika kipanya, akaanza kuitafuta. Sifuri, mbili chini, nne chini, sita. Kila mara alibonyeza, mama akasikiliza akiwa amefumba macho, akasema siyo. Walishuka mpaka hamsini, wakarudi, wakapanda. Pale ishirini na nane chini mama alisita, akaomba irudiwe, akasema siyo. Saa nzima ikapita hivyo.

Shemeji akashauri waache kinanda, mama aimbe mwenyewe, kompyuta ipime. Mama akaimba peke yake. Alipofika kwenye noti ya saba, mstari kwenye kioo cha kompyuta ulipanda, ukatulia. Shemeji alitazama namba, akamwomba mama arudie. Akarudia mara ya pili, na ya tatu. Shemeji aligeuza kompyuta kumwelekea Fundi.

Sifuri. Mara zote tatu, sifuri, noti ileile aliyoitia yeye kwa tupa na kumpigia mama yake Jumapili baada ya Jumapili kwa miaka thelathini na miwili. Fundi Sikio aliitazama namba ile.

"Inatoka ya kwako, sivyo?" mama aliuliza. Alikuwa ameyaona macho yao. "Najua siyo hiyo. Kichwani najua siyo, ila nikiitafuta ile nyingine siioni."

Fundi alitaka kuomba radhi. Alichoweza kusema ni kwamba waiache sifuri basi, wimbo upate kukamilika.

"Hiyo nimeisikia inatosha," mama alisema. "Itoe."

Akaitoa. Plagini ile ilikuwa na mahali pa kunyamazisha kitufe kimoja, na yeye, aliyelipwa maisha yake yote ili kitufe chochote kisibaki bila sauti, akakinyamazisha cha saba kwa mkono wake. Kisha akapiga, na mama akaimba wimbo wake. Kila walipofika pale, kitufe kililia plastiki tupu chini ya kidole, na mama alifunga mdomo, akangoja kwa urefu wa noti yenyewe, ndipo akaendelea. Wimbo una beti tatu. Pale panakuja mara kumi na moja, na Fundi Sikio alipahesabu pote.