Viti Viwili Vyenye Maua

Katibu wa mkutano wa wanakemia wa nadharia ameshakuwa katibu wa kamati za harusi kumi na saba, na mazoea hayo hayajamtoka. Kila anapoingia dukani kwa Fortunata, mpambaji wa kumbi wa Kariakoo, hulamba kidole, hufunua daftari, hukohoa mara mbili, ndipo aseme. Juzi aliagiza mashada, MC, keki ya ghorofa tatu na viti vya maharusi.

Fortunata akaacha kukunja satini. “Mzee wangu, kwani wanasayansi wanaoana?”

“Hapana, mwanangu. Kuna maprofesa wawili wamenuniana miaka tisa, kisa mlinganyo mmoja. Wasipopatana, kila mmoja anaondoka na watu wake, na mkutano umekufa.”

“Sasa viti vya nini?”

Katibu akakohoa mara mbili. “Watalishana keki.”