Error ya database iliyomwandama karani wa Silibwet

Wakuu, chamgei. Hii sijaitia chumvi, na aibu yote iliyomo ni yangu.

Mimi ndiye niliyeandika system ambayo makarani wa chai hutumia kupima majani ya wakulima huku kwetu Bomet. Karani anabonyeza "Anza" kwenye tablet, anapima magunia, kilo zinaenda kwa database.

Sasa kukawa na error: "Database connection failed." Leo ipo, kesho haipo. Na karibu kila mara ni kwa Chepkoech, karani wa Silibwet.

Supervisor wake alishaamua. "Huyu msichana anaguzaguza mashine ovyo. Ijumaa natafuta mwingine."

Iliniuma. Nilikuwa nimebadilisha network, nimerestart server mpaka nikachoka, na bado sina jibu. Chepkoech ana watoto wawili na kazi ni hiyo tu. Nikaapa Ijumaa haitanikuta bila jibu.

Alhamisi nikabeba laptop nikaenda Silibwet mwenyewe.

Watu wa huku mnajua, hakuna gunia linalopanda mizani kabla ya maombi. Halafu matangazo: mazishi, harusi, ng'ombe aliyepotea. Siku hiyo yalikuwa marefu, wacha tu.

Chepkoech akaomba na wenzake, matangazo yakaisha, ndipo akabonyeza Anza.

Error.

Nikaangalia server. Database inaruhusu connection ishirini tu kwa wakati mmoja; zote zimeshikwa, na hakuna hata moja inayofanya kazi. Nani amezikalia?

Nikampigia karani wa kituo kingine, Ndanai. Akanong'ona, "Boss, ngoja kidogo, bado tunaomba. Lakini mashine nishabonyeza, iko tayari."

Nikarudi kwenye code.

Code yangu ilikuwa inashika connection mtu akibonyeza Anza, na kuiachilia gunia la kwanza likishapimwa. Makarani wa vituo vingine walikuwa wanabonyeza kwanza, halafu wanaomba. Maombi yao yakiwa mafupi, hakuna shida. Yakiwa marefu kuliko ya Silibwet, Chepkoech anakuta nafasi zimeisha.

Nikarekebisha pale pale nikiwa nimekalia gunia: connection ishikwe wakati wa kusave kilo tu. Akabonyeza tena, ikakubali.

Nikampigia supervisor, nikamwambia kosa ni langu. Akasema, "Basi abaki."

Chepkoech akaniuliza, "Kwa hivyo niwe nabonyeza kabla ya maombi kama wengine?"

"Hapana, dada. Wewe omba kwanza."

Nilichojifunza: nendeni mkaone watu wakitumia kitu chenu. Logs hazikuniambia kwamba kuna maombi.

Na nyinyi, mlishawahi kuacha mtu alaumiwe kwa bug yenu? Semeni hapa, mimi nimeshatangulia kutubu.