Wiki ya Kusoma Majani, Kitale hadi Bungoma

Mama alinipigia simu Jumapili asubuhi kutoka Nakuru. Nilikuwa Nairobi, nakata maneno kwenye hadithi iliyokataa kwisha.

"Nenda Kitale umkalishe dada yako chini," alisema. "Miguu imemvimba na bado anazunguka kwa mahindi. Mimi nikimwambia, anasema mtandao unapotea."

Dada yangu Jentrix ni mtafiti wa mbegu za mahindi. Wakati huo, katikati ya miaka ya elfu mbili, alikuwa na mimba ya miezi minane, mimba yake ya pili. Mumewe alikuwa mwalimu Garissa na hangeweza kuja kabla ya shule kufungwa. Mimi sikuwa na ajira wala mtoto, kwa hiyo kwa hesabu ya Mama nilikuwa mtu asiye na sababu ya kukataa. Nilifunga begi dogo, nikaweka daftari langu juu ya nguo.

Jumatatu, saa tisa alasiri, basi lilinishusha Kitale. Mwezi wa saba mji ule huzungukwa na mahindi yanayotoa maua, na kila upepo unapogeuka hubeba unga wa njano usioonekana ila ukitua juu ya kitu cheusi. Ulitua juu ya viatu vyangu kabla sijavuka barabara. Upande wa magharibi Mlima Elgon ulikuwa umejifunika mawingu hadi mabegani.

Nilimkuta Jentrix ofisini kwake, amekalia kiti kimoja na kuegemeza miguu kwenye kingine. Viatu alivyovaa vilikuwa vya mumewe.

"Mama amekutuma," alisema.

"Ndiyo."

"Unikalishe chini."

"Ndiyo."

"Nimekaa. Umemaliza kazi ya Mama. Sasa ya kwangu. Mwandiko wako bado unasomeka?"

Ndivyo nilivyopata kujua alichokuwa akikipigania. Kuna ugonjwa wa mahindi unaoweka mabaka ya kijivu kwenye majani. Mbegu mpya ya Jentrix, aliyoianza kwa mikono yake, ilikuwa ikijaribiwa katika mashamba matatu: Kitale, Endebess na Bungoma. Ugonjwa huo husomwa katika wiki moja tu, maua yakishatoka na kabla majani ya chini hayajakauka. Wiki hiyo ikipita, jani lililokauka kwa maradhi na lililokauka kwa uzee huwa na sura moja. Mkubwa wake alimwambia kwa upole kwamba ni heri apumzike, mwenzake Mutua asome badala yake. Ambaye angesoma ndiye angepeleka faili la mbegu mbele ya kamati, na faili hufuata jina la anayelipeleka.

"Si ni wiki moja tu?" nilimuuliza. "Mutua akikusaidia wiki moja, kuna ubaya gani?"

Alifungua droo, akatoa mfuko wa karatasi ya kaki, ule wanaofunika hindi changa ili lisipokee chavua ya mmea mwingine. Juu yake kulikuwa na tarehe na herufi mbili za jina, kwa penseli, kwa kuwa wino huyeyuka kwa umande. Aliuinamisha dirishani. Chini ya zile herufi mbili niliona mikwaruzo ya nyingine zilizofutwa kwa raba: J.N.

"Nilifunga mifuko mia tatu msimu ule," alisema. "Nikaenda kujifungua. Miezi miwili ya likizo. Niliporudi, mashamba yangu yote yalikuwa na mzazi mwingine."

Herufi za juu zilikuwa za Mutua.

Jumanne asubuhi, saa mbili na nusu, umande ulipoanza kukauka, tulisoma shamba la Kitale. Kila shamba lilikuwa na sehemu tatu, na kila sehemu vitalu ishirini na vinne, mbegu zilezile zikirudiwa kwa mpangilio tofauti. Jentrix aliingia katikati ya mistari, akashika jani lililo chini ya hindi, akaligeuza kwenye mwanga na kutamka namba. Moja ni jani safi. Tano ni jani lililoungua. Mimi niliandika kwenye daftari la kituo. Mwisho wa kila ukurasa kulikuwa na mstari wa Msomaji, na hapo alichukua penseli akaandika J.N. mwenyewe.

Mutua alitukuta ukingoni. Alikuwa mrefu, na kofia yake ilikuwa imeliwa na jua. "Huyu ndiye mwandishi?" aliuliza. "Dada, andika vizuri. Huyu Daktari akipata kosa moja, hata kule Eldoret watasikia."

"Yako huwa mangapi?" Jentrix alimuuliza bila kuinua kichwa.

"Yangu huwa sihesabu. Wewe ndiye unanihesabia." Akacheka, kisha akamtazama miguu. Jentrix alipotangulia mbele, aliniambia kwa sauti ya chini, "Ile mifuko, sikufuta mimi. Niliambiwa niweke sahihi, nikaweka." Alisubiri kidogo, kama mtu anayetaka kupewa risiti, kisha akaenda zake.

Jumatano tulikwenda Endebess kwa gari la kituo. Dereva, Mzee Barasa, aliendesha barabara ile ya vumbi jekundu kama aliyebeba mayai. Tulipita ng'ombe wa maziwa waliosimama ubavu kwa ubavu kwenye ua, na mahindi ya watu yaliyopanda hadi miguuni pa mlima. Huko kulikuwa na baridi. Jentrix alinipa sehemu nzima ya tatu nisome kwa sauti huku yeye akinisahihisha.

"Mbili," nilisema.

"Tazama upande wa chini."

"Tatu."

"Usisome jani unalolipenda. Soma lile lililoko pale."

Nilisoma vitalu ishirini na vinne; nikakosea sita. Alisema wanafunzi wake huanza kwa kumi.

Nilichokiona Endebess, ambacho Mama hakukijua, ni kwamba kuanzia asubuhi hadi saa nane dada yangu hakunywa tone la maji. Nilimpa chupa, akalowesha midomo na kuirudisha. Shamba lile halikuwa na choo. Wanaume wa shambani waligeukia ua na kujisaidia. Kichaka cha karibu kilikuwa kando ya njia ya shule.

"Tangu lini?" nilimuuliza.

"Tangu nianze kazi. Nilipata ugonjwa wa njia ya mkojo mara tatu mwaka wa kwanza. Nikajifunza kutokunywa."

"Umewahi kumwambia mkubwa?"

"Nitamwambia nini, Sella? Bwana Mkubwa, choo?" Alisema hivyo bila uchungu, kama anayenitajia mvua ya mwezi. Kisha akafunga macho kwa muda. Alisema ni jua. Hakukuwa na jua.

Alhamisi tuliondoka Kitale mapema. Kiminini, Kamukuywa, Webuye. Kadiri barabara ilivyoshuka ndivyo hewa ilivyopata joto na mashamba ya miwa yalivyoanza kuchanganyika na mahindi. Jentrix aliegemeza kichwa kwenye kioo. Mara mbili Mzee Barasa aliniangalia kupitia kioo chake kidogo, na mara ya pili alitikisa kichwa.

Saa nne tulifika Bungoma, kwenye shamba la jaribio nje kidogo ya mji, upande wa Chwele. Lilikuwa limekodiwa kutoka kwa mjane mmoja aitwaye Mama Wafula, na ndiye aliyelipalilia. Alitupokea mlangoni akifuta mikono kwenye leso.

"Dakitari, karibu. Mahindi yako iko sawa. Hii ya huku pembeni imerara juzi na upepo, lakini nimeiacha hivyo, si ulisema nisiinue."

"Umefanya vizuri, Mama."

"Na wewe mwenyewe? Mbona uso imejaa namna hii?"

"Ni mimba, Mama."

"Mimi nimebeba saba. Hiyo si mimba."

Tulisoma sehemu ya kwanza. Tulipoanza ya pili, namba zilianza kuja polepole. Kwenye kitalu cha arobaini na tatu aliomba nimsomee kibao. Kilikuwa mbele ya uso wake. Alimaliza sehemu ya pili akiwa ameshika mahindi mawili, moja kila mkono, akaandika J.N. kwa herufi zilizoteremka nje ya mstari. Kisha akakaa chini kwenye mfereji.

Mama Wafula alikuja na maji kwenye kikombe cha bati. Jentrix alilowesha midomo na kukirudisha.

"Ati nini?" Mama Wafula aliuliza. "Maji pia umesomea ukaona ni mbaya?"

Nilimweleza sababu. Alimgeukia dada yangu.

"Miaka mbili unakuja kwa shamba yangu, na mimi niko na choo pale nyuma ya nyumba, ya kufungwa na ndani. Si ungeuliza? Ama daktari hauulizi?" Akamrudishia kikombe. "Kunywa. Yote. Sasa niambie, unaona nyota kwa macho?"

"Tangu jana," Jentrix alisema.

Mama Wafula alimpigia Barasa kelele alete gari.

Zahanati iliyokuwa karibu ilikuwa nyuma ya msikiti mjini. Muuguzi, Sista Mwanaidi, alifunga ule mkanda wa presha mkononi mwa dada yangu, akapima, akaufungua, akapima tena mkono wa pili. Aliandika 175 juu na 115 chini.

"Dereva anakuita Daktari," alisema. "Wewe daktari wa nini?"

"Wa mahindi."

"Basi leo mahindi imepata likizo. Unaenda hospitali kubwa sasa hivi, na mimi naenda na wewe kwa gari."

Jentrix alinishika mkono mlangoni. Nilidhani angesema juu ya mtoto. "Bado sehemu ya tatu," alisema. "Mutua yuko Kitale. Kesho mvua, majani hayatasomeka." Gari likaondoka.

Nilisimama barabarani na daftari. Hospitalini wasingeniruhusu kuingia chumba alichopelekwa, hilo Sista Mwanaidi alikuwa ameniambia. Nikapanda bodaboda ya baiskeli nikarudi shambani. Mama Wafula alikuwa bado amesimama kwenye mfereji.

"Wewe unajua kusoma hii majani?" aliuliza.

"Kidogo."

"Mimi nazijua bila namba. Twende."

Kila kitalu alitangulia, akafungua njia kwa mikono, akanionyesha mimea iliyo katikati, kwa sababu ya pembeni hudanganya. Nilitamka namba. Pale aliponiona nimelegea alisema, "Angalia tena, hiyo iko mgonjwa zaidi ya ile ya jirani," na mara nyingi alikuwa sahihi. Tulimaliza kitalu cha sabini na mbili saa kumi na moja, matone ya kwanza yakianza kuanguka. Kwenye mstari wa Msomaji nilisita. Kwa siku tatu nilikuwa nimeutazama mkono wa dada yangu ukiandika herufi mbili, na mimi huishi kwa kuiga sauti za watu katika hadithi. Niliandika J.N. Zilifanana kabisa.

Ijumaa asubuhi alifanyiwa upasuaji. Mtoto alikuwa wa kike, mdogo, mwenye kelele. Presha ilianza kushuka jioni.

Jumamosi waliniruhusu kuingia. Jentrix alikuwa na mirija mkononi na chupa ya maji kando ya kitanda, imebaki nusu. Aliomba daftari. Aligeuza kurasa za Kitale, za Endebess, akafika za mwisho. Alitazama zile herufi mbili.

"Nani amesoma sehemu ya tatu?"

"Mimi. Na Mama Wafula."

"Nipe raba."

"Jentrix, wakiona jina langu hawatakubali. Mimi si mtu wa kituo. Mutua atasoma upya, faili litakuwa lake."

"Nipe raba, Sella."

Alifuta polepole hadi karatasi ikabaki na mikwaruzo tu. Juu yake aliandika jina langu lote. Kisha akauliza, "Mama Wafula anaitwa nani?"

Sikujua. Wala yeye. Tulimsubiri hadi saa sita, alipokuja na uji kwenye chupa ya chai.

"Jina gani, yangu?" alicheka. "Rodah Nasimiyu. Lakini andika Mama Wafula, ndio watu wanajua."

Jentrix aliandika Rodah Nasimiyu.

Jumatatu, Mzee Barasa alinirudisha Kitale. Jentrix alikuwa amenituma nimpe mkubwa wake daftari mkononi. Mkubwa alifungua kurasa kwa utaratibu. Mutua alikuwa amesimama dirishani.

"Rodah Nasimiyu ni nani?"

"Ni mwenye shamba."

"Na Sella ni wewe." Alivua miwani. "Hii sehemu haiwezi kwenda hivi. Mutua, itabidi usome shamba lote upya, uandae faili."

Nilisubiri. Mutua alikuja mezani, akaugeuza ukurasa kwenye mwanga kama wanavyogeuza majani, na nadhani aliona mikwaruzo iliyokuwa chini ya majina yale.

"Sehemu mbili za kwanza amesoma Daktari," alisema. "Nitakwenda kesho nikague vitalu kumi vya hii ya tatu. Zikilingana, zinabaki zao. Nitaweka sahihi kwenye hizo kumi tu, kwamba nimekagua. Faili ni la Jentrix."

"Yuko likizo."

"Litamsubiri. Ni miezi miwili." Akavaa kofia yake. "Na Bwana, mashamba ya nje yanahitaji choo. Nimeambiwa na mwenye shamba la Bungoma. Alinipigia simu jana kunigombeza mimi."

Jumanne nilipanda basi la kurudi Nairobi. Mawingu yalikuwa yameondoka, na Elgon ulionekana wote, mrefu na mpole, haumsubiri mtu. Tulipopita Eldoret simu yangu ililia. Ulikuwa ujumbe wa dada yangu kutoka kitandani Bungoma: "Mutua amekagua. Tisa sawa. Kitalu 61 umekosea, ni tatu si mbili. Mtoto amenyonya. Mwambie Mama nimekaa."

Nimewahi kuandika mengi, na makosa yaliyomo wasomaji huyabebesha wahusika. Hili la kitalu cha sitini na moja halina wa kubebeshwa. Limo ndani ya faili la mbegu, limesahihishwa pembeni kwa penseli ya Mutua, na chini ya ukurasa kuna jina langu.