Mbaazi za Bonifasia

Mumewe alipofariki, ndugu wa mume walikaa kikao pale Maguu. Kahawa ya bondeni waliichukua wao. Bonifasia akapewa upande wa juu wa mlima, kwenye mawe matupu. Hakubishana. Hakujaliwa mtoto, na kwao Tingi wazazi hawakuwepo tena. Akajenga kibanda chake huko huko juu.

Mwaka wa kwanza alijaribu kuchimba ngoro, yale mashimo ya Wamatengo yanayozuia udongo usichukuliwe na mvua. Jembe liligonga jiwe mpaka mpini ukavunjika. Mahindi aliyochomeka hapa na pale yaliota, yakanyauka kabla ya kubeba.

Zilipita siku nyingi asisikie sauti ya mtu. Basi akawa anakaa kutazama vilivyoota. Shubiri mwitu ilishikilia udongo usiojaa kiganja, majani yake yamejaa maji. Mkuyu mmoja ulikuwa umekalia jabali; mzizi wake ulitambaa juu ya jiwe, ukakuta ufa, ukazama. Alichokoa ndani ya ule ufa kwa kijiti. Majani yaliyooza, udongo mweusi, unyevu, na hapo ilikuwa kiangazi.

Mvua ziliporudi hakulima. Alitembea akitafuta nyufa, kila ufa akitia mbegu za mbaazi. Zilipoota zilidumaa hata akadhani zinaumwa. Akavuta mche mmoja aukague. Haukung'oka, ulikatikia mkononi, mzizi ukabaki chini. Kumbe ulikuwa umetangulia kushuka kabla ya kurefuka. Mingine akaiacha.

Kiangazi, maharage ya bondeni yalipokwisha kukauka, juu kwenye mawe mbaazi zilitoa maua ya manjano. Ndipo wifi yake, Getrude, alipopanda mlima.

"Hodi, wifi."

Bonifasia alitoka kibandani.

"Karibu."

"Umezitilia mbolea gani hizi?"

"Sijatia kitu. Mizizi imefuata maji kwenye nyufa."

Getrude alitazama chini. "Na mimi nina kipande chenye mawe. Zikikomaa, naomba mbegu."

"Zipo nilizobakiza nilipopanda. Kaa kwanza, nasonga ugali."

Alisonga wa watu wawili. Getrude alisema jua linazama, akapokea mbegu kwenye kanga, akashuka. Bonifasia alikula upande wake wa sahani.

Msimu uliofuata, mbaazi za Getrude zilishika vizuri. Alituma salamu na shukrani kupitia watu waliokwenda kuchanja kuni juu. Mwenyewe hakuja tena.