Mwendo wa Mjomba Selemani

Ipo Jumamosi moja ya Nachingwea, mwanangu, ambayo nikifumba macho hunijia yenyewe bila kuitwa. Kuna vumbi jekundu, kuna harufu ya mafuta ya trekta, na mimi nimesimama juu ya pipa tupu, kijana wa miaka ishirini kasoro, mbele ya watu wanaocheka hadi wanaegemeana. Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka kicheko tu, jinsi kilivyopanda kutoka chini kama joto la ardhi, kikaniingia miguuni, kikanifika kifuani, nikahisi kwamba mtu akinigusa kwa kidole nitapaa.

Nakusimulia haya kwa sababu umekuja kuniaga. Umeniambia kwamba watu wa televisheni wamekuona ukichekesha jukwaani, wamekuita Dar es Salaam, na huko mbele huenda wakakutia kwenye filamu. Umefurahi, na mimi nimefurahi. Lakini basi lako ni la kesho na chai yako bado ya moto, kwa hiyo kaa.

Miaka ile mashamba makubwa ya karanga yalikuwa yameanza Nachingwea. Msitu ulilazwa chini na mashine, na watu walikuja kutoka kila upande: Wamakonde, Wayao, Wamakua, Wangoni, pamoja na sisi Wamwera wa karibu. Tulielewana kwa Kiswahili cha kuungaunga, kila mtu na lafudhi ya kwao. Mimi nilitoka Likunja, upande wa Ruangwa, nikapewa kazi ya kung'oa mizizi nyuma ya trekta. Mizizi ilinishinda, ila kuchekesha hakukunishinda. Jumamosi mchana, kazi ikiisha, nilipanda juu ya pipa nikaiga trekta linalokataa kuwaka asubuhi. Nikamwiga msimamizi wetu anavyohesabu watu kila siku na kujisahau mwenyewe. Msimamizi naye alikuja kutazama, akacheka kuliko wote. Haikupita muda nikawa naitwa kwenye harusi na sherehe za jando, Ruangwa na vijiji vyake, na nilipopita sokoni watu walianza kucheka hata kabla sijafungua mdomo.

Sasa nikujulishe kwa mjomba wangu Selemani, kaka yake mama. Baba alifariki nikiwa mdogo, na hata angekuwepo, kwetu sisi mjomba ndiye mwenye mtoto. Yeye ndiye aliyenilea na kunipeleka jandoni. Katika vita ya Mjerumani na Mwingereza alichukuliwa kuwa mpagazi, akabeba mizigo ya jeshi miezi mingi porini. Alirudi akiwa hana vidole vya mguu wa kushoto, funza walivila, na ulimi wake ulikuwa unanasa kwenye maneno. Tangu hapo alitembea hivi: mguu wa kushoto aliuinua juu kidogo kuliko inavyotakiwa, kisha akautua taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto aliyelala. Pamoja na ulimi wake huo, watu wa Likunja waliogombania mipaka ya mashamba walikwenda kwake. Walikaa kwenye mkeka wakamsubiri neno lake litoke, na hakuna aliyemharakisha.

Juu ya pipa sikumwiga mjomba hata siku moja. Hakuna aliyenikataza. Nilijua tu.

Ndipo likaja gari la sinema la serikali. Lilikuja na Mzungu mrefu, mpiga picha, na karani wake Bwana Rajabu, mtu mpole mwenye kalamu mfukoni. Walitaka kutengeneza picha ya kuwafundisha wakulima: mkulima mvivu anachelewa kupanda, anadharau mawaidha, mambo yanamharibikia, watu wanacheka na kujifunza. Wakauliza ni nani hapa anayechekesha. Watu mia wakaninyooshea kidole.

Tulipigia picha shambani, upande wa Mkotokuyana, siku nne mfululizo. Siku ya kwanza nilifanya vituko vyangu vyote. Niliiga trekta, nikamwiga msimamizi, nikaongea kwa sauti sita. Mzungu akatikisa kichwa. Bwana Rajabu akaniita pembeni.

"Issa," akasema, "mashine hii haisikii. Inaona tu. Maneno utayasema mwenyewe baadaye kwenye kipaza sauti. Sasa hivi tupe mwili."

Nilirudi mbele ya kamera. Jua lilikuwa limeniwakia utosini, kile kioo cheusi kinanitazama bila kupepesa, na mimi sina kitu mkononi. Mwanangu, sikukaa nikakusudia. Nilihisi mguu wangu wa kushoto ukiinuka wenyewe, juu kidogo kuliko inavyotakiwa, kisha ukatua taratibu. Mzungu akapiga kelele ya furaha. Nikaenda hivyo hivyo hadi kwenye shimo, nikaanguka, nikainuka, nikaanguka tena. Siku tatu zilizobaki nilitembea kwa miguu ya mjomba wangu.

Picha ilipokamilika, Bwana Rajabu alirudi nayo, na nikaanza kufuatana na gari kijiji hadi kijiji. Baada ya magharibi walitundika kitambaa cheupe kati ya miti miwili, injini ikaanza kunguruma, na mwanga ukatoka. Sijui nikueleze vipi. Wengi wetu tulikuwa hatujawahi kuona picha inayotembea. Vumbi lilielea ndani ya mwanga kama unga, na katikati ya unga ule nikajiona mimi, mkubwa kuliko mlango wa msikiti, nikitembea bila kutoa kishindo. Nilisimama kando ya kitambaa na kipaza sauti, nikimsemea yule mkulima. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshauchukua mguu, nikauchukua na ulimi. Nilinasa kwenye maneno kama yeye. Watu walicheka hadi machozi.

Siku moja gari likafika Likunja. Mama yangu alitandika mkeka mbele kabisa, na mjomba akakaa hapo kwa heshima yote, kanzu safi, kofia mpya, kwa sababu mpwa wake ameletwa na serikali. Mkulima akatokea kwenye kitambaa. Na mjomba akacheka. Alicheka kuliko watu wote, akipiga paja lake, akimgeukia mama kumwonyesha. Mwanangu, hakujijua. Angejijuaje? Nyumbani kwetu hapakuwa na kioo cha kumwonyesha mtu anavyotembea. Alimwona mgeni mmoja wa ajabu, akamcheka kwa roho nyeupe.

Kisha ikafika sehemu ya kusema. Kulikuwa na maneno mawili ambayo mjomba aliyasema kila alipotaka kuinuka kwenye mkeka, nayo yalimtoka kwa shida. Nikayasema kwenye kipaza sauti, kwa shida ile ile. Sitakuigia hapa jinsi yalivyotoka, nimeshaiga vya kutosha. Kicheko cha mjomba kikakatika. Mwanga wa kitambaa ulimpiga usoni, nikamwona waziwazi akiutazama mguu wake, kisha akatazama kitambaa, kisha akanitazama mimi.

Nilikuwa na nafasi ya kuteremsha mkono ulioshika kipaza sauti. Hapo hapo. Lakini watu walikuwa wanacheka, kijiji changu chote kinacheka, na kicheko kile kimenijaa kifuani kama siku ya pipa. Nikaendelea. Nikasema tena.

Mwanamke mmoja nyuma akapaza sauti, "Jamani, si Mzee Selemani huyo!" Mjomba akainuka aende zake. Ikambidi apite mbele ya watu, ndani ya mwanga, na alijaribu kutembea kama watu wengine. Aliulazimisha ule mguu. Hatua ya tatu akayumba, akashika ardhi kwa mkono. Wakacheka tena, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Mama alimfuata na mkeka kichwani.

Asubuhi sikwenda kwake. Nilijiambia gari linaondoka mapema. Tukaenda Ruangwa, tukaenda Namungo, tukashuka hadi Lindi, na kila mahali nilipokewa kama bwana harusi. Nilikuwa kama mtu anayeota huku akijua anaota, na hataki kugeuka upande wa pili asije akaamka.

Miezi ilipita. Siku moja nimekaa Nachingwea, nina barua mkononi. Nilikuwa nimesomewa kwamba ninaitwa Dar es Salaam kucheza picha nyingine, ndefu zaidi, na wanamtaka yule yule mkulima anayechechemea. Nikamwona mama anakuja kwa miguu kutoka Likunja, ana vumbi hadi magotini. Sikumbuki kama aliitikia salamu yangu.

"Mjomba wako hasemi," akaniambia.

"Anaumwa?"

"Haumwi. Ameacha kusema. Watu wamekuja na kesi ya shamba, amewaonyesha njia kwa mkono wakarudi. Anayeitwa mtu mzima wa Likunja sasa anaomba maji kwa kidole. Wewe ndiye uliyeuchukua ulimi wake, urudishe."

Tulirudi pamoja. Mjomba alikuwa anafyeka shamba la ufuta kabla ya mvua. Nilimwamkia akaitikia kwa kichwa. Nikachukua panga, nikaanza upande wa pili. Tulifanya kazi siku saba hivyo, yeye kule na mimi huku, bila neno. Nilijua kuchekesha watu mia, ila sikujua namna ya kuzungumza na mtu mmoja. Siku ya nane, adhuhuri, nikatupa panga chini, nikapiga magoti kwenye majani.

"Mjomba, nimekukosea. Nisamehe."

Alikaa kwenye kisiki. Nikamsubiri, kama wale watu wa mashamba walivyokuwa wakimsubiri, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsubiri kwa moyo. Alisema taratibu sana, na nitakupa maneno yake bila mikwamo yake.

"Uliniiga vizuri, Issa. Mimi mwenyewe nilicheka. Lakini umeuchukua mguu, mimi umeniacha wapi? Mguu huu ulibeba mzigo wa watu wawili, mwenzangu alipokufa njiani. Kwenye kitambaa chako unaanguka shimoni kwa uvivu."

Hadithi ya mwenzake nilikuwa siijui. Nilimwangalia anavyotembea maisha yangu yote, na sikuwahi kumuuliza.

"Na usiku ule uliniona," akasema. "Uliniona, ukaendelea. Hilo ndilo lililonifunga mdomo."

Nililia, mwanangu, nikiwa mtu mzima. Akaniacha nilie hadi mwisho. Kisha akaniambia niokote panga, mvua haisubiri.

Nilimwendea Bwana Rajabu, nikamwambia nitakwenda Dar es Salaam nikiruhusiwa kucheza mtu wangu mwenyewe. Akaniandikia. Jibu likaja kwamba wanamtaka anayechechemea. Wakamchukua kijana mwingine, akajifunza mwendo ule kwa kunitazama kwenye picha. Nilibaki. Usidhani haikuniuma. Miaka mingi nilisikia gari likinguruma nikashtuka.

Lakini baadaye, mavuno yalipoingia, nilialikwa kwenye sherehe ya jando Ruangwa. Nikasimama mbele ya watu nikajisimulia mimi mwenyewe: Issa aliyeshindwa na mizizi, Issa aliyekokotwa na trekta suruali ikabaki kwenye kisiki. Walicheka, nikasema nilianguka mara moja tu. Ghafla mtu akainuka katikati ya wazee. Alikuwa mjomba. Watu wakanyamaza wakamsubiri. Akasema, kwa ulimi wake mwenyewe, mbele ya Ruangwa nzima, kwamba mimi ni mwongo, nilianguka mara tatu, na suruali ile ilikuwa yake. Kicheko kilichotoka hapo sijakisikia tena maishani. Na yeye alicheka akiwa amesimama, mguu wake wa kushoto umetulia mbele.

Kuanzia siku ile akaanza kusema tena. Ila picha yangu iliendelea kutembea. Ilikwenda Songea, ilikwenda Tabora, ilikwenda kwa watu ambao hawatamjua Selemani, na sikuwa na mbio za kuifikia. Mjomba alifariki, na huenda mahali fulani ilikuwa bado inaonyeshwa, watu wakimcheka mpagazi yule.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Unayoyasema jukwaani, ukikosea unaweza kumfuata uliyemkosea asubuhi, ukagonga mlango wake. Televisheni na filamu zitakukimbia. Zitafika kwa watu kabla hujafikiri, na zitabaki nawe umeshazeeka. Kwa hiyo fikiri kabla. Ukitaka kumwiga mtu, mkalishe moyoni mwako kwenye mkeka wa mbele, umwone usoni. Kama hawezi kukaa pale, mwache. Ukichukua kilema cha mtu, muulize alikipata wapi, na ukishajua hutataka tena kumwangusha shimoni. Siku wakikwambia hawakutaki wewe, wanakitaka kile kichekesho kinachomdhalilisha mwenzako, rudi nyumbani. Itakuuma, na utapona. Na ukimwona mtu amekatika kicheko, hata kama ukumbi mzima unashangilia, teremsha mkono. Hapo hapo. Usifanye kama mimi.

Sasa inama nikuwekee mkono kichwani. Mungu akupe ulimi mwepesi wa kuchekesha na moyo unaosita kuumiza watu. Akupe watu wanaocheka wakirudi nyumbani pamoja, asiachwe mmoja njiani peke yake. Akufikishe Dar es Salaam salama, na siku utakapoonekana kwenye kioo cha televisheni, wazee wako waweze kukutazama hadi mwisho bila kuinuka. Amina.