Wodi Isiyo na Shikamoo

Wenzangu chuoni walikuwa na adabu za kuonyesha watu. Wakiingia wodi ya wanaume walisambaza shikamoo kitanda kwa kitanda, hata kwa mzee aliyelala hajitambui. Wakivuka uwanja kwenda wodi ya wagonjwa wa akili, shikamoo zile zilibaki mlangoni. Huko ilikuwa "wewe, kaa" na "wewe, meza." Sijawasamehe, na sioni haraka ya kuanza leo.

Ilikuwa miaka ile viwanda vya umma vikiuzwa na watu wakipunguzwa kazi. Singida mjini mitumba ilijaa sokoni, na sisi wanafunzi wa uuguzi tulijiona tumeula, kwa kuwa wagonjwa hawakosekani. Ila wodi ya akili hakuna aliyeitaka. Walisema ukikaa sana huko unaambukizwa, na wachumba wanakukimbia. Aliyetoka zamu ya huko alitengewa sahani yake. Hawakula naye sinia moja.

Mchana mmoja, msichana wa Manyoni niliyelala naye chumba kimoja alikuwa akiwachekesha wenzake kuhusu mgonjwa mpya. Mzee haongei kabisa, alisema, ukimwambia ale anakutazama tu kama umemwibia kuku. Kaletwa amefungwa kamba kutoka Nduguti. Ana kofia ya kiwanda hataki kuivua, na kidole gumba nusu. Mwalimu kasema akiendelea na ububu wake, Ijumaa anapelekwa Dodoma, kwenye hospitali kubwa ya vichaa.

Nilirudisha tonge siniani. Kidole kile kililiwa na mashine ya kukamua alizeti, na mwenye kidole alikuwa baba yangu. Nyumbani walinificha ugonjwa wake kwa sababu ya mitihani.

Nilimwomba yule msichana anipe zamu yake. Alinipa huku akinishukuru.

Nilimkuta baba ameketi sakafuni, mgongo ukutani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Tukaongea. Alikuwa mgonjwa, sitaki kudanganya: alinieleza kwamba kiwandani bado wanamngoja, ila walinzi wamemfichia funguo. Lakini bubu hakuwa. Nilipomuuliza mbona hawajibu wauguzi, alinishangaa mimi. Watoto hawa hawajamwamkia tangu afike, alisema, sasa yeye aanzie wapi kuzungumza nao?

Nilimfuata mwalimu wetu, mwanamke mdogo kwa baba kwa miaka mingi, nikamweleza kwamba mzee yule ni baba yangu, nikamsihi amwamkie tu aone. Akasema atafikiria. Habari ikafika bwenini kabla yangu. Siku ile ile sahani yangu ikatengwa, na yule wa Manyoni akahamishia godoro lake chumba kingine. Eti wazimu umo kwenye damu.

Ijumaa mwalimu alikuja na wanafunzi wote nyuma yake, magauni yamepigwa pasi. Akasimama mbele ya baba.

"Wewe, unajua hapa ni wapi?"

Baba akaiweka kofia yake sawa.

"Mwalimu, mwamkie kwanza," nikasema.

"Nimpe kichaa shikamoo?" Akacheka, na wenzangu wakacheka kwa sababu yeye amecheka.

Baba akanigeukia. "Mwanangu, huyu binti kwao hakuna wazee?"

Nikadhani tumeshinda. Bubu amesema, tena amesema la maana kuliko yote niliyoyasikia wodini mle. Mwalimu akawaambia wanafunzi waandike kwamba mgonjwa ameanza kuongea, na anaongea ovyo. Wakaandika wote. Chuki iliyonishika pale ninayo mpaka sasa, na ndiyo iliyonipeleka kufanya kazi kwenye wodi za akili maisha yangu yote. Watu hudhani ni huruma.

Gari la Dodoma likaletwa vilevile. Baba alipanda mwenyewe, kofia kichwani, akakaa dirishani. Nilikuwa nimesimama chini nimeshika mkono wake. Yule msichana wa Manyoni akasogea, sijui kilimsukuma nini.

"Shikamoo, mzee," akasema.

Mimi ningemnyima marahaba. Baba akainama dirishani amwone vizuri.

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Gari lilivuka geti msichana akiwa bado hajamjibu.