Pikipiki Isiyo na Kelele

Jumamosi pale Njiru, fundi wa pikipiki aliinua kidole na sote tukanyamaza. Hata mama wa mahindi akaacha kupepea jiko. Mteja, aliyenunua pikipiki kuukuu juzi tu na sasa imekataa kuwaka, akafungua swichi.

"Usipige stata," fundi alimwambia, sikio juu ya tangi kama anayesikiliza mtoto tumboni. "Hii haina kabureta. Mafuta husukumwa na pampu ya umeme humu tangini, na ukifungua swichi lazima ingurume kwanza."

Tulisikiliza. Upepo ulipita, kwaya ikasikika kwa mbali. Ndani ya tangi, kimya.

"Pampu imekufa, buda."

Jamaa alitabasamu kama anayeota. "Na mwenye aliniuzia aliniapia, 'Hii haina kelele kabisa.'"

Nimeliwaza jambo hilo juma zima. Muuzaji hakudanganya hata neno moja.